Mnyama ni wa Nani, na Mti ni wa Nani?

Katika nchi ya Uzaramo, tangu pwani ya Dar es Salaam hata Mto Ruvu, mkulima hupatwa na hasara kwa njia nyingi. Nguruwe mwitu huchimbua mihogo yake usiku. Ng'ombe wa mtu huingia katika mahindi yake mchana. Mbwa asiyejulikana mwenyewe humwuma mtoto wake njiani. Na mti mkubwa wa kando ya barabara huinamia paa la nyumba yake kila upepo uvumapo. Kwa mwenye kupatwa, haya yote ni msiba mmoja, na shauri lake huwa moja: huenda kwa mwenyekiti wake, hungoja, huona hapana lililotendeka, hurudi nyumbani akisema ya kuwa halmashauri haifai kitu. Lakini kwa sheria mambo hayo manne si jambo moja. Kila moja lina mwenyewe, na kila mwenyewe ana mlango wake. Twataka kuieleza hapa milango hiyo, kwa kuwa watu wengi hukosa haki yao si kwa sababu haki haipo, bali kwa sababu walibisha mahali pasipo pake, au walichelewa, au walishika panga kwanza na kuuliza baadaye.

Mfano wetu ni Zegereni, iliyo katika kata ya Visiga, Kibaha, katika nchi ipitiwayo na barabara kuu iendayo Morogoro. Wenyeji wa pande hizo ni watu wa mihogo, mikorosho na kuni za porini. Sasa pametengwa hapo eneo la viwanda, na malori hupita mahali palipokuwa njia za miguu. Watu nao wamezidi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668; katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 2,024,947. Katika miaka 10 tu wamekaribia kuwa maradufu, wala ardhi haikuongezeka hata eka moja. Basi mahali kama Zegereni si shamba tena kama zamani, wala si mji kamili kama Dar es Salaam. Na hapo hasa ndipo watu wasipojua ni sheria ipi inayowahusu.

Kwanza yafaa kujua halmashauri ni nini. Zamani za utawala wa Waingereza, sheria ya mwaka 1926 iliwapa wakuu wa wenyeji uwezo wa kutoa amri katika mambo mengi ya nchi yao, na miongoni mwa hayo ni kukataza ukataji wa miti. Baada ya uhuru kazi hizo zilikuwa za mabaraza ya wilaya na ya miji, hata mwaka 1972 yakavunjwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, zikatungwa Sheria Na. 7 kwa wilaya na Na. 8 kwa miji, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi tena. Kibaha ina halmashauri mbili, moja ya mji na moja ya wilaya, hii ya pili ikiwa upande wa Mlandizi. Kisarawe ina yake. Mtu wa Visiga akipeleka shauri lake Mlandizi amekosea njia, ingawa yote miwili huitwa Kibaha.

Halmashauri ina uwezo wa kutunga sheria ndogo: kukataza mifugo kuzurura, kuagiza mbwa wachanjwe, kulinda miti ya barabarani, kuweka ushuru na faini. Lakini haitungi kwa siri. Ni lazima madiwani wakubaliane, wananchi watangaziwe na wapewe nafasi ya kutoa maoni yao au kupinga, kisha Waziri mwenye kuangalia serikali za mitaa aidhinishe, na mwisho itangazwe katika Gazeti la Serikali. Basi mtu akitozwa faini, ana haki ya kuuliza ni kwa sheria ndogo ipi, na ana haki ya kupewa stakabadhi. Hili si jeuri. Mwenyekiti au mtendaji anayekasirika kwa kuulizwa hivyo hajaijua kazi yake.

Hapa kuna jambo kubwa ambalo wengi hawalifahamu. Kijiji na mtaa si kitu kimoja chenye majina mawili. Kijiji kina mkutano mkuu wa watu wazima wote, kina halmashauri yake, na chaweza kutunga sheria ndogo zake, zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Tena, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayoisimamia ardhi ya kijiji: yaweza kutenga malisho, na kwa Sheria ya Misitu, Na. 14 ya mwaka 2002, yaweza kutenga msitu wa kijiji, kuulinda, na kula faida yake. Mtaa wa mjini hauna uwezo huo. Una mwenyekiti na kamati, una mikutano, na waweza kupeleka maoni yake kwa diwani na kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Lakini hauwezi kutunga sheria ndogo, wala hauna ardhi yake wenyewe. Ardhi huingia katika mpango wa mji.

Basi mahali panapovuka kutoka kijiji kwenda mtaa, watu hulala na haki fulani na huamka bila hizo. Mzee aliyezoea kusema, "Pori lile ni la kwetu, tumeliacha kwa kuni na kwa dawa," huona siku moja vigingi vya wapima ardhi. Hatusemi mji ni mbaya. Mji huleta maji, shule na kazi. Twasema kwamba pori lisiloandikwa katika ramani ya mpango wa mji halipo machoni pa sheria, hata likiwa na miti ya miaka 100. Wakati wa kulisema ni pale mpango unapotandikwa mezani na wananchi kuitwa kutazama. Walimu wa shule wafanya kazi njema sana wakiwasomea wazee ramani hizo, kwa kuwa ramani si rahisi kusomeka kwa asiyezizoea, na mara nyingi mkutano huisha watu wamesaini mahudhurio tu.

Sasa twende kwa wanyama wa porini. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, yasema wanyama wote wa pori ni mali ya umma, na Rais ndiye aliyewekewa amana yao kwa niaba ya wananchi. Maana yake ni kwamba tembo akiwa katika hifadhi, au akiwa katikati ya shamba lako la mpunga, bado ni wa umma. Halmashauri haimmiliki, mkulima hammiliki, na hata nyama yake na meno yake, akifa, ni nyara za serikali. Halmashauri ina afisa wake wa wanyamapori, ambaye zamani watu walimwita Bwana Nyama, na huyo ndiye mlango wa kwanza. Nyuma yake iko Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, iitwayo TAWA, na kwa hifadhi za taifa liko shirika la TANAPA. Tangu mwaka 2019 sehemu kubwa ya lile Pori la Akiba la Selous imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Basi kwa watu wa kusini ya Kisarawe, tembo anayetoka huko aweza kupita mikononi mwa ofisi tatu kabla hajafika katika mihogo.

Sheria haimkatazi mtu kuiokoa nafsi yake. Aliyemwua mnyama mkali kwa kuokoa roho hana hatia, ila ni sharti apeleke habari mara moja na kukabidhi nyara zote. Ambaye huficha ngozi, jino au hata mnofu wa nyama, huyo amejigeuza kutoka aliyenusurika kuwa jangili, na kifungo chake chaweza kuwa cha miaka mingi. Twajua watu waliokuwa na haki wakaiharibu kwa kitoweo.

Watu wengi huuliza juu ya fidia. Ukweli ni kwamba kwa hasara za wanyamapori serikali haitoi fidia. Hutoa kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa mtu aliyeumizwa au kuuawa. Majina haya hayakuchaguliwa bure. Fidia ni malipo ya mtu aliyekosa kumlipa aliyekosewa kwa kadiri ya hasara. Kifuta jasho ni pole. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 100,000 kwa eka moja ya mazao kwa shamba lililo mbali zaidi ya kilometa 5 kutoka mpaka wa hifadhi, isizidi eka 5. Na kiasi hicho kilipungua kadiri shamba lilivyokaribia hifadhi, hata lililo ndani ya nusu kilometa likawa halina kitu. Kwa mtu aliyeuawa ziliweka shilingi 1,000,000. Kila mtu ajua ya kuwa shilingi milioni moja hailingani na mtu, na wabunge wamelilalamikia jambo hilo mara nyingi. Lakini hata hicho kidogo hupotea kwa uzembe. Kifuta jasho ni kwa wanyama waliotajwa katika kanuni, kama tembo, kiboko, mamba na simba; aliyeliwa mazao na aulize kwanza kama mnyama wake yumo. Kisha ni lazima hasara ionwe na afisa, nyayo zikiwa bado zaonekana na mashina yaliyovunjwa yakiwa bado mabichi. Anayengoja wiki mbili, mvua ikanyesha, akalima upya, hana cha kuonyesha. Halmashauri yenyewe hailipi. Huandika taarifa, na taarifa huenda wizarani, na malipo hutoka huko. Ndiyo sababu hukawia, na ndiyo sababu taarifa yenye makosa, isiyo na ukubwa wa shamba wala jina la kijiji, hurudishwa au hulala.

Katika wanyama wote wa mashamba, twapenda kukaa kidogo juu ya nguruwe mwitu, kwa sababu watu humdharau. Tembo huandikwa magazetini. Nguruwe hapati hata mstari. Walakini yeye ndiye amwitaye simba. Kati ya mwaka 1990 na mwaka 2004, wataalamu waliochunguza jambo hili walihesabu watu 563 waliouawa na simba katika Tanzania, na 308 walioumizwa, na wengi walikuwa wa nchi za kusini na pwani. Katika Rufiji, simba mmoja aliwaua watu zaidi ya 30 tangu mwaka 2002 hata alipopigwa risasi mwaka 2004. Alipochunguzwa ilionekana ana jino bovu lenye usaha. Watu wakasema, basi, ni jino. Lakini wataalamu walipotazama wilaya zote, waliona jambo jingine: mashambulio yalikuwa mengi mahali palipo na nguruwe mwitu wengi na wanyama wengine wa porini wachache. Sababu yake ni wazi kwa kila aliyekulia Uzaramo. Mazao yakianza kukomaa, nguruwe huingia. Nguruwe wakiingia, mtu huhama nyumba yake na kwenda kulala dunguni au katika kibanda cha makuti ili kulinda. Simba naye humfuata nguruwe, ambaye ni chakula chake. Na akifika shambani humkuta mtu amelala nyuma ya makuti matupu.

Basi halmashauri inayongoja simba aje ndipo itafute bunduki imekwisha kuchelewa. Kazi ilikuwa ni kupunguza nguruwe, kuchimba mitaro au kuweka uzio wa nguvu kwa shirika, na kuwashauri wakulima wapande mashamba yao pamoja, ili walinzi walindane, badala ya kila mtu kuwa na shamba lake pekee katikati ya kichaka. Kwa kuwa watu wengi wa pwani hawali nguruwe, hapana anayemwinda kwa kitoweo, na hivyo huzaa asipunguzwe. Kumwinda kunahitaji kibali cha afisa wanyamapori, na mwenyekiti wa kijiji aweza kukiomba kwa niaba ya watu wake wote. Mitego ya nyaya isitumiwe: hukamata paa, mbwa na mtoto wa mtu pia, na sheria yaikataza.

Kwa tembo zipo njia zilizojaribiwa. Kamba ya katani huzungushwa shamba, ikatundikwa vitambaa vilivyochovywa katika oili chafu iliyochanganywa na pilipili kali. Au pilipili huchanganywa na kinyesi cha tembo mwenyewe, hufanywa matofali, hukaushwa, kisha huchomwa usiku upande utokao upepo. Moshi wake hauvumiliki. Katika Kenya walianza pia kutundika mizinga ya nyuki kwa waya kuzunguka shamba, mzinga na mzinga kama meta 10. Tembo akigusa waya nyuki hutoka, na asali ni faida juu ya faida. Njia hizi zataka watu wa kuziangalia kila siku. Pilipili ya mwezi uliopita, mvua ikiisha kuiosha, haimtishi tembo hata kidogo.

Ruvu nako kuna viboko na mamba. Hapo neno ni fupi: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Watu husema sheria hiyo ni ya kulinda maji, na kweli ndivyo. Lakini anayelima bustani ya mboga mpaka ukingoni amelima mlangoni pa kiboko.

Mifugo ni shauri jingine kabisa. Ng'ombe si mali ya umma. Ana mwenyewe, na mwenyewe ndiye mlipaji. Zamani nchi hii ilikuwa na ng'ombe wachache kwa ajili ya mbung'o. Kisha, katika mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa katika bonde la Usangu na Ihefu, wengi waliongozwa kuja pande za Pwani na Lindi, na makundi makubwa yakafika mahali ambapo malisho hayakuwa yametengwa wala majosho kujengwa. Ugomvi uliofuata katika Rufiji, Kisarawe na kwingineko umeua watu. Hatupendi desturi ya kulitupia lawama kabila moja. Mfugaji aliyepewa hati ya kusafirisha mifugo na kuambiwa "nenda kule", akifika akaambiwa "huna pako", naye amekosewa.

Kwa hasara ya ng'ombe shambani, mlango ni mtendaji wa kijiji au wa mtaa pamoja na afisa kilimo, ambaye hupima eneo lililoliwa na kukisia thamani yake kwa maandishi. Wenye ng'ombe waitwe waone kwa macho yao kabla ya ng'ombe kuondoka. Wakikubaliana, iandikwe; wasipokubaliana, liende kwenye baraza la kata, na kisha mahakamani. Ng'ombe waliokamatwa wahesabiwe mbele ya mashahidi na wapewe maji na majani, kwa kuwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yamlinda mnyama hata akiwa mahabusi. Anayemkata ng'ombe mshipa wa mguu kwa hasira amegeuza madai yake ya mahindi kuwa kesi ya jinai juu yake mwenyewe. Na kwa wale wa mjini, kama Zegereni, ni afadhali kujizoeza mapema kufuga ng'ombe wachache wakilishwa zizini, kwa maana ng'ombe wa kuzurura hawana maisha marefu kati ya malori.

Mbwa. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa usiopona: dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, hapana daktari awezaye kumrudisha. Hesabu iliyotolewa mwaka 2002 ilikisia kwamba watu karibu 1,500 hufa kwa ugonjwa huu katika Tanzania kila mwaka, na wengi ni watoto. Halmashauri nyingi zilizoea kuwapiga mbwa wazururao kwa risasi au sumu, zikadhani zimemaliza kazi. Hazikumaliza, kwa sababu mahali pa mbwa waliouawa huingia wengine, wachanga na wasiochanjwa. Kinachozuia ugonjwa ni chanjo: katika kila mbwa 100 wakichanjwa 70, ugonjwa hukosa njia na hufa wenyewe. Mkoa wa Pwani ulikuwamo katika mikoa ya kusini-mashariki iliyofanyiwa mpango mkubwa wa chanjo kuanzia mwaka 2010, na huko Pemba ilionyeshwa kuwa kisiwa kizima chaweza kusafishwa. Lakini mbwa huzaa kila mwaka, basi chanjo ya mwaka mmoja si chanjo ya milele. Siku afisa mifugo anapotangaza chanjo, mwalimu awaambie watoto wa shule, kwa maana katika nyumba nyingi mbwa humfuata mtoto, hamfuati baba. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, asipake kitu, kisha aende hospitali siku ile ile akachomwe sindano. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Tumefika kwenye miti, ambayo haiumi wala haipigi kelele, na kwa hiyo hukumbukwa mwisho. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, Ruvu Kusini na Ruvu Kaskazini ni misitu ya taifa, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, uitwao TFS. Katika Pugu na Kazimzumbwi yupo komba mdogo sana ambaye haonekani ila katika misitu michache ya pwani yetu, na duniani kote hayupo kwingine. Mwenyekiti wa kijiji au mtaa hana uwezo wa kumruhusu mtu kukata nguzo au kuwasha tanuri la mkaa katika misitu hiyo, hata kama babu yake alizikwa humo. Karatasi aliyoandika kwa mkono na kuipiga muhuri ni ushahidi juu yake, haimlindi yeyote.

Miti ya Uzaramo haikuanza kuliwa jana. Katika karne ya 19 Wazaramo walichimba sandarusi na kuiuza kwa wafanya biashara wa pwani. Lakini sandarusi ilichimbwa ardhini, na mti ulibaki umesimama. Mkaa hauachi kitu. Wataalamu waliotoa habari zao mwaka 2010 walitembea misitu iliyozunguka Dar es Salaam, wakaona kwamba huliwa kwa mpango kana kwamba kuna aliyeamuru: kwanza hutoka miti ya mbao za thamani, kisha ya mbao hafifu, na mwisho mkaa humaliza yote. Kati ya mwaka 1991 na mwaka 2005 mstari wa mbele wa uharibifu huo ulisogea kilometa 120 kutoka mjini, karibu kilometa 9 kila mwaka. Kibaha na Kisarawe zilikuwa nyuma ya mstari huo zamani sana. Kilichobaki kwetu ni mabaki ya wakata mbao na sehemu ya wachoma mkaa.

Serikali iliamuru taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kabla ya mwisho wa Januari 2024, na shule nyingi za bweni zimo katika amri hiyo. Tena kila halmashauri iliagizwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Hesabu hiyo ni kubwa na yapendeza katika taarifa. Sisi twapenda zaidi kuuliza ni mingapi ilikuwa hai Oktoba, kiangazi kilipokwisha. Mche uliopandwa tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, una mvua za masika za kuuanzisha. Lakini baada ya hapo wataka mtu mwenye jina, mwenye ndoo, na boma la kuuzuia na mbuzi. Shule iliyowagawia wanafunzi mti mmoja mmoja imepata miti zaidi kuliko kiwanja kilichopandwa 1,000 siku ya sherehe.

Miti ya mjini ina mkanganyiko wake. Mti ulioupanda katika kiwanja chako ni wako; walakini ukitaka kusafirisha mbao au mkaa wake utahitaji hati ya afisa misitu, na miti ya asili iliyohifadhiwa kwa sheria, kama mvule na mpingo, haikatwi bila kibali. Mti wa barabara kuu ya Morogoro uko katika eneo la TANROADS. Mti wa barabara za mitaa uko katika eneo la TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Ukigusa nyaya za umeme, watu wa TANESCO ndio wa kuupunguza, wala mtu asipande na panga. Mti wa uwanja wa shule, soko au zahanati huangaliwa na halmashauri. Afisa misitu au afisa mazingira wa halmashauri ndiye awezaye kusema kama mti ukatwe au upunguzwe matawi tu, na twasihi apelekewe shauri kabla shina halijaanza kuoza. Katika eneo la viwanda vivyo hivyo: mwenye kujenga kiwanda hupewa masharti ya mazingira kabla ya kujenga, na miti inayotakiwa kubaki au kupandwa huandikwa humo; kamati ya mtaa yaweza kuomba kuonyeshwa masharti hayo.

Kwa mlango wowote kati ya hiyo tuliyoitaja, barua ya malalamiko iwe fupi. Iandikwe tarehe, saa, jina la kijiji au mtaa na kata, ukubwa wa shamba kwa eka, namna ya mnyama au mti, na majina ya mashahidi wawili. Ifanywe nakala mbili. Moja ibaki kwa mtendaji. Ya pili agonge muhuri, aandike siku aliyoipokea, na mlalamikaji airudishe nyumbani aihifadhi mahali pasipo na mchwa.